Dunia ya Pembe Nane

Mwaka wa tisini na nne ulipoingia, Mzamil fundi mwashi alikuwa na miezi minane hajashika mwiko. Alikuwa ameanguka kutoka jukwaani, usawa wa dirisha la ghorofa ya pili, akipiga lipu ya chokaa kwenye nyumba moja ya kale kule Mkanyageni. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili, na ulipounga uliunga kombo: goti halikunjiki, kisigino hakifiki chini sawasawa. Madaktari walimpa gongo, wakamwambia ashukuru Mungu. Alishukuru. Kisha akanyamaza.

Taabu yenyewe ilikuwa hapo kwenye kunyamaza, maana Mzamil alikuwa mtu wa maneno. Siku za uzima wake, mtaa mzima wa Kibokoni ulijua fundi anarudi kazini kabla hajakata kona. Atamwamkia huyu, atamtania yule, atasimama kumweleza mwenye nyumba kwamba ukuta wake umeanza kuvimba tumbo. Sasa akawa mtu wa kukaa barazani tangu asubuhi, gongo limelazwa mapajani, akiitikia salamu kwa kichwa. Kombe, mwashi mwenzake wa miaka mingi, alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala. Alikuwa akihadithia habari za kazi, nani anajenga nini na wapi, na Mzamil anamsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya lugha asiyoijua.

Mle nyumbani walikuwa watatu. Mzamil, mamake ambaye kila mtu alimwita Nana, na Shifa, binti yake wa pekee, aliyefiwa na mama akiwa na miaka minne. Mwaka huo Shifa alikuwa kidato cha tatu. Vyombo vya kazi vya baba yake vilikuwa ndani ya kikapu uvunguni mwa kitanda: mwiko, pima maji, kamba, na timazi ya shaba, ile ya kuning'inizwa kwa uzi kupimia wima wa ukuta, iliyokuwa ya babu yake. Nana alikuwa amekataza visiguswe wala visitajwe.

Somo la fizikia shuleni kwao lilisomeshwa na Mwalimu Chengo, kijana mrefu wa Kaloleni, ambaye mikono ya shati lake ilikuwa na chaki daima. Alikuwa na desturi moja iliyowafanya wasichana waipende Ijumaa. Kipindi cha mwisho alikuwa akifunga kitabu, anakaa juu ya meza, anauliza swali lisilokuwamo katika mtihani wowote.

"Leo tuseme hivi," akawaambia Ijumaa moja ya mwezi wa Februari. "Dunia hii tunaijua ni mviringo. Sasa ichukueni muifanye sanduku. Nyuso sita, pembe nane. Ukubwa ni ule ule, mawe ni yale yale, bahari ni zile zile. Nani ataniambia maji yangekaa wapi? Na mtu akitembea kutoka katikati ya uso mmoja kuelekea ukingoni, angeona nini?"

Darasa likacheka. Mmoja akasema maji yangemwagika. "Yamwagike yaende wapi?" akauliza Mwalimu Chengo.

Kumbe swali lile alikuwa na makusudi nalo. Maonyesho ya sayansi ya mkoa yalikuwa mwezi wa Julai, na shule nyingi zilikuwa zikipeleka mambo yale yale: sabuni ya mwarobaini, jiko la maranda. Alitaka wanafunzi wawili walishike swali la dunia ya sanduku mpaka walimalize. Shifa alikuwa bado anafikiri alipouhisi mkono wake ukipanda juu. Joy, jirani yake wa dawati, msichana wa Makupa asiyejua haya wala woga, alikuwa amemshika kiwiko akamwinulia.

"Mimi na Shifa, mwalimu," akasema Joy.

Hivyo ndivyo jambo lilivyoanza. Kwa wiki mbili walihangaika nalo, Joy kwa hesabu na Shifa kwa kuchora. Joy alipiga hesabu akapata kwamba pembe ya sanduku iko mbali na kitovu cha dunia karibu mara moja na robo tatu kuliko katikati ya uso, na kwamba kule pembeni hata mfuko wa sukari ungekuwa mwepesi zaidi mkononi. Lakini tarakimu zilikuwa tarakimu tu. Hakuna aliyeweza kujiona yuko pale, miguu yake ikikanyaga pale.

Jioni moja Shifa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, daftari magotini. Nana alikuwa akichambua mchele.

"Wachora sanduku gani hilo kutwa kucha?" Nana akauliza.

Shifa akamweleza. Fizikia aliisoma kwa Kiingereza, na kuileta barazani kwa Kiswahili kulimpa kazi. Akasema kuna nguvu ndani ya dunia inayovuta kila kitu kwenda kwenye kitovu chake. Kwamba kuanguka si kwenda chini tu, ni kuvutwa.

Nana akaacha mchele. "Na watu wako hao wa upande wa pili wa sanduku, kibla yao itakuwa wapi?"

Hilo Mwalimu Chengo hakuwa amelitaja. Kabla Shifa hajajibu, sauti ikatoka nyuma yake, nzito kwa kukaa muda bila kutumika.

"Hao hawana haja ya kibla. Watakuwa washaanguka zamani. Watu wakaa upande wa yuu tu." Gongo likaelekezwa mbinguni, kisha sakafuni. "Wa tini hawana pa kushika."

Nana na Shifa wakatazamana. Mzamil alikuwa hajajitia katika mazungumzo ya mtu tangu mwaka uliopita.

"Hawaanguki, baba," Shifa akasema, taratibu, kama mtu anayemnyemelea ndege. "Kila uso una tini yake. Tini ni kule kwenye kitovu."

"Tini ni tini."

"Basi mbona watu wa upande wa pili wa dunia hii yetu hawaanguki?"

Mzamil akachukua gongo lake akaingia ndani. Shifa akadhani amemuudhi. Asubuhi yake, anafunga kamba za viatu aende shule, baba yake akasema kutoka kitandani, "Hata ikiwa ni hivyo usemavyo, uso wa sanduku ni sakafu. Sakafu ikinyooka imenyooka. Mtu atatembea toka mwanzo hata mwisho asione mlima wala bonde. Mwambie mwalimu wako."

Mwalimu Chengo alipoletewa maneno hayo hakucheka. Alisugua kidevu, akasema, "Mwambie mzee kwamba fundi amekosea. Lakini amekosea mahali pazuri. Muulize timazi ingening'iniaje."

Siku nzima neno hilo lilimkaa Shifa kichwani. Alijua Nana alivyokataza. Lakini alasiri, Nana alipokwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, aliinama akavuta kile kikapu kutoka uvunguni. Timazi ilikuwa imeanza kufanya kutu ya kijani. Akaifuta kwa ncha ya leso, akaenda nayo mpaka barazani, akaiweka mbele ya baba yake.

Mzamil aliitazama kitambo. "Nani amekutuma?"

"Mwalimu auliza, juu ya sanduku timazi ingening'iniaje."

Pale barazani palikuwa na sanduku la mbao la majani ya chai ambalo Nana alilitumia kuwekea makaa. Mzamil alilivuta kwa gongo. Akatazama uso wake wa juu, bapa. Akaishika timazi kwa uzi, akaiacha ining'inie katikati.

"Hapa itasimama wima. Kitovu kiko tini yake moja kwa moja."

"Naam."

"Sasa nikisogea." Akasogeza mkono kuelekea ukingoni. Timazi, kwa kuwa ilikuwa timazi ya dunia hii, iliendelea kusimama wima. Akakunja uso, akamwashiria Shifa aje. "La. Ndoo hapa, ikamate. Ivute ielekee kitovu. Kitovu kiko wapi? Ndani, katikati ya makaa. Haya, vuta."

Shifa akaivuta. Uzi ukalala upande. Mzamil akaigeukia pima maji kichwani mwake, Shifa aliona kabisa, maana vidole vyake vilikuwa vikitafuta hewani kitu cha urefu wa mkono.

"Kiputo kingekimbilia ukingoni," akasema polepole. "Maana ukingo ndio yuu. Lo! Kwa hiyo mtu akitoka katikati yuwapanda. Haoni kitu mbele yake, ardhi bapa kama meza, lakini miguu yamwambia yuwapanda. Na kila akienda, mlima wazidi kusimama."

"Na maji?"

"Maji yatarudi katikati. Hayana pengine pa kwenda." Akaongeza kwa mshangao wa kweli, "Na ukuta! Mwashi akifuata timazi, ukuta wake utaegemea upande wa ukingo, hautasimama sawa na sakafu. Kila nyumba itakuwa kama imejengwa mlimani. Mwenye nyumba atakuja na fedha zake, atasema fundi umenipindisha. Na fundi ndiye mwenye haki."

Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, lakini kilikuwa kicheko.

Shifa, kwa furaha, akasema neno ambalo baadaye lilimtia jasho kila akilikumbuka. "Na mtu akianguka jukwaani huko, baba?"

Muuza kahawa alipita kichochoroni akigonganisha vikombe vyake, akapotea.

"Ataanguka kuelekea kitovu," Mzamil akasema mwishowe. "Kisha ataendelea kubingirika mpaka baharini." Akaizungushazungusha timazi kiganjani. "Ile kamba niliifunga mimi, Shifa. Watu wote wasema ilikuwa kamba mbovu. Kombe yuwasema kamba mbovu. Kamba haikuwa na neno. Nilikuwa na haraka, kukaribia Magharibi, nikaifunga fundo moja badala ya mawili. Miaka ishirini na sita nafunga mafundo mawili."

Shifa alikaa chini kando ya mguu mbovu wa baba yake, akaendelea kuushika ule uzi, na wakakaa hivyo mpaka Nana aliporudi, akaiona timazi iko nje, akapita ndani kana kwamba hakuiona.

Kuanzia hapo baraza likawa karakana. Joy akawa anakuja kila Jumamosi kutoka Makupa, na Nana akawa anamwekea mahamri yake kando, maana alikula kama wapagazi wawili. Mzamil alichukua vijiti akafunga kiunzi cha sanduku, urefu wa shibiri tatu kila upande. Katikati wakaning'iniza ushanga wa Nana uwe kitovu. Kutoka kila uso wakavuta nyuzi nyekundu mpaka kwenye ule ushanga, nyuzi themanini na zaidi, kila moja ikiwa timazi ya mtu aliyesimama mahali pake. Ukitazama katikati ya uso ulikuta uzi umesimama wima. Ukitazama ukingoni ulikuta umelala nusu. Nyuzi zote pamoja zilikuwa kama mwavuli uliopinduliwa na upepo.

Kisha Mzamil akasema kiunzi hakitoshi, watu wataka kuona bahari. Akatengeneza sanduku la pili la mbao, na siku hiyo alimwambia Shifa, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipe mwiko." Akachanganya chokaa na nili ya kufulia mpaka ikawa buluu, akaibandika katikati ya kila uso, akaisawazisha ikawa kama kifuniko cha sufuria, nene katikati, nyembamba kandokando. Bahari sita. Kuizunguka kila moja akapaka mkanda wa kijani, na baada ya mkanda mawe matupu mpaka pembeni.

"Hewa nayo itakuwa hapo hapo juu ya bahari," Joy akaeleza, kinywa kimejaa. "Pembe zitatoka nje ya hewa. Zaidi ya kilomita elfu tatu kwenda juu, hakuna wa kuvuta pumzi huko."

Nana alikuwa akisikiliza kutoka mlangoni. "Kwa hiyo watu wa bahari hii hawatawajua wa bahari ile?"

"Hawatawajua, Nana. Mpaka wawe na vyombo vya kupita angani."

"Maskini," Nana akasema, na ilikuwa wazi kwamba aliwahurumia kweli. "Na sisi hapa tumejuana na dunia nzima kwa mashua tu."

Kuhusu kibla, Mzamil alikuwa na jibu baada ya siku tatu: kila mtu aelekee ukingo ulio karibu naye zaidi kwa upande wa Makka, na Mwenyezi Mungu ajua nia. Nana alisema atamuuliza maalim. Hakuna aliyejua kama alimuuliza.

Siku za maonyesho zilifika. Mzamil hakwenda, ngazi za ukumbi zilikuwa nyingi na gongo lilimtia haya mbele ya watu. Shifa na Joy walibeba masanduku yao wakiwa wameyafunika kwa kanga za Nana. Walipewa meza kati ya wavulana wa sabuni na wavulana wa kengele ya wezi, na watu wakajaa mezani kwao kuliko kwingine, kwa sababu ya ile buluu.

Waamuzi walikuwa wawili. Wa kwanza, bwana mmoja mwenye tai, alizizungusha nyuzi kwa kidole akauliza, "Sayari hii iko wapi?"

"Haiko," Shifa akajibu.

"Na inaweza kuwako?"

"Haiwezi, bwana. Ikiwa kubwa kiasi hiki, uzito wake wenyewe utazivunja pembe, itarudi kuwa mviringo."

"Basi mmefanya kazi miezi mitano kwa kitu ambacho hakiko na hakiwezi kuwako." Akaandika.

Mwamuzi wa pili alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Yeye aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa ile chokaa.

"Kama ungekuwa wa huku," akauliza, "nyumba yako ungeijenga wapi?"

Shifa akaweka kidole kwenye mkanda wa kijani. "Hapa. Kandokando ya maji. Pwani ya huku ni duara, mama. Ukitembea nayo kwa muda mrefu utarudi nyumbani bila kugeuka."

Yule mama akatabasamu. "Na huyu aliyelainisha chokaa hivi ni nani? Hii si kazi ya wanafunzi."

Shifa akasema ni babake, fundi mwashi. Akasikia fahari ndani ya sauti yake aliposema hivyo.

Walikuwa wa nne. Watatu wa kwanza ndio waliokwenda Nairobi. Mwalimu Chengo aliwanunulia soda akasema ya kwamba mwaka ule majaji walipenda sabuni. Sanduku la bahari sita lilibaki stoo ya shule, na Shifa alipomaliza kidato cha nne lilikuwa bado lipo juu ya kabati, nili imepauka ikawa kijivu.

Lakini jioni ya siku ile ya maonyesho, Mzamil alitaka kusikia kila kitu. Nani aliuliza nini, nani alijibu nini, yule mwenye tai alivaa viatu gani. Aliposikia kuhusu yule mama na chokaa, alijifanya hajasikia vizuri, ili lirudiwe. Likarudiwa.

Jumapili iliyofuata alisema anataka kwenda Mkanyageni. Walikwenda yeye na Shifa, polepole, wakisimama kila baada ya nyumba kumi. Walipofika alisimama ng'ambo ya njia akautazama ule ukuta alioanguka akiupiga lipu. Kombe ndiye aliyeumalizia. Mzamil alifumba jicho moja, akautazama tangu juu hata chini, tangu chini hata juu. Shifa aliogopa asije akaona kosa, akaogopa vilevile asije asilione.

"Amefanya kazi," akasema. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakuyafuta.

Siku ya Ijumaa Kombe alipokuja, Mzamil ndiye aliyeanza. "Jukwaani sipandi tena. Usinibembeleze."

"Sikubembelezi," Kombe akasema kwa hadhari.

"Lakini sakafu ziko tini. Goti likiwa halikunji, nitakaa kitako nijivute. Ukipata sakafu, niite."

Kombe akampata sakafu. Ya kwanza ilikuwa ya ua la nyumba moja Ndia Kuu, iliyofumka kwa mizizi. Mzamil alikaa kitako juu ya gunia, mguu mbovu ameunyoosha mbele yake, akajikokota kutoka pembe hii hadi ile kwa wiki tatu, anapiga chokaa na kelele pamoja, mpaka wenye nyumba wakaomba apunguze sauti. Baada ya hiyo zikaja nyingine. Alipiga sakafu kumi na moja kabla ya mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, alipata homa ya mapafu. Hakukaa nayo sana, wakamzika.

Shifa hakuwa mtu wa sayansi. Maisha yalimpeleka kwingine. Alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya wapakuzi wa mizigo bandarini Kilindini, akawa anapitisha hati za makasha. Joy alikwenda kusomea uuguzi, na Mwalimu Chengo alihamishwa akapelekwa bara. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tisa, saa ya chakula cha mchana, Shifa alitumwa na ofisi kupeleka barua Ndia Kuu. Aliyefungua mlango alikuwa bibi mmoja mnene mwenye mikono ya unga, naye alimtazama usoni kwa muda.

"Wewe si wa fundi Mzamil? Una paji lake. Ingia, ingia mwanangu, usisimame juani."

Alimpitisha mpaka uani. Akamwambia hebu aione kazi ya babake. Akachota maji kwenye ndoo, akayamwaga katikati ya sakafu, kwa nguvu, kama mtu anayejionyesha. Maji yalitanda yakaangaza, kisha yakaanza kwenda yenyewe, bila haraka, kutoka kila upande, kuelekea tundu dogo lililokuwa kwenye pembe.

"Miaka mitano," bibi akasema. "Hayajawahi kutuama."

Shifa akavua viatu vyake vya kazi, akakanyaga pale yalipokuwa yakipita. Yalikuwa ya baridi. Alisimama hapo, barua mkononi, mpaka yakaisha, kisha akamwomba bibi, kama si taabu, amwage ndoo nyingine.